Mwili Usiooshwa, Je, Utafufuka?

Somo juu ya ufufuko wa miili

Ndugu wapenzi, ninyi mnaokusanyika kando ya redio huko Kyondo na Musienene, Maboya na Mangina, Oicha na Kyavinyonge, na ninyi mtakaolisoma somo hili katika kijitabu baada ya kazi za shamba: amani ya Bwana iwe kwenu.

Katika masomo yaliyotangulia tulieleza Kanuni ya Imani, sehemu baada ya sehemu. Leo tumefika karibu na mwisho wake, pale tunapokiri ufufuko wa miili. Kila Dominika tunayatamka maneno hayo kwa sauti moja, nasi huyatamka upesi, kama mtu anayeukaribia mlango wa nyumba yake. Lakini siku ya kilio, tunaposimama mbele ya kaburi lililo wazi, maneno hayo hutusimamisha. Ndipo mtu hujiuliza: Je, nasadiki kweli? Mwili huu ninaoufukia kwa udongo, utatoka tena?

Kwetu sisi swali hilo limekuwa zito sana. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia Mangina. Ukashika Beni, ukashika Butembo na Katwa, ukaenea vijijini na hata Ituri, wala haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa watu 3,470, na waliokufa 2,287. Wengi wa marehemu hao hawakuoshwa na mama zao wala dada zao. Walinyunyiziwa dawa, wakawekwa katika mfuko, wakazikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, ambao hata sura zao hazikuonekana. Tena, tangu Oktoba 2014, katika eneo la Beni watu wengi wameuawa kwa mapanga, kwa risasi na kwa moto; na wapo waliochukuliwa msituni ambao jamaa zao hawakupata hata mfupa mmoja wa kuzika.

Katika siku zile za Ebola mama mmoja alinijia baada ya sala za maziko. Akasimama mbali kidogo, kama tulivyoamriwa, akaniuliza: «Mwalimu, mwanangu hakuoshwa. Sikuuona uso wake. Alifungwa katika mfuko kama mzigo. Siku ya mwisho Mungu atajuaje kwamba aliyemo ndani ya mfuko ule ni mwanangu?» Mama huyo si peke yake. Somo la leo ni jibu kwake, na kwa wote walibebao swali hilo moyoni pasipo kulisema.

1. Tusadiki nini, na tusisadiki nini

Kwanza tuondoe mawazo yasiyo ya kweli, kama vile mkulima anavyong'oa magugu kabla ya kupanda.

Wako wanaosema: Mwili huoza, basi umekwisha, roho peke yake huendelea kuishi. Wazo hilo ni la zamani. Mtume Paulo alipohubiri mjini Atene, wenye elimu wa mji ule walimsikiliza vizuri mpaka alipotaja ufufuko wa wafu. Hapo baadhi yao wakamcheka. Wengi wa wenye elimu wa nyakati zile waliuona mwili kuwa gereza, na kufa kuwa kufunguliwa. Sisi hatusemi hivyo. Mungu hakuifungia roho ndani ya mwili kama mtu afungiavyo kuku katika tenga. Alimwumba mtu, mwili na roho pamoja, akaona kazi yake kuwa njema. Mtu akifa, viwili hivyo hutengana. Roho hufika mbele ya Mungu na kuhukumiwa. Mwili hurudi udongoni. Lakini Mungu hataki kazi yake ibaki nusu nusu. Aliyeumba vyote viwili ataviunganisha tena.

Wako pia wanaofikiri kwamba marehemu hurudi katika mtoto anayezaliwa na kupewa jina lake. Kumpa mtoto jina la babu ni ukumbusho mwema. Lakini mtoto ni mtoto, na babu ni babu. Kila mtu huishi mara moja hapa duniani, na kila mtu atafufuka yeye mwenyewe.

Mwisho, ufufuko si kurudia maisha haya. Lazaro alitolewa kaburini, lakini baadaye alikufa tena. Vivyo hivyo binti Yairo na kijana wa Naini. Walirudishiwa maisha yale yale ya kula, kuugua na kuzeeka. Kwa hiyo, ndugu, msidanganywe na mhubiri anayekesha kando ya maiti siku tatu, siku nne, akiahidi kuiamsha, huku jamaa wakimletea mbuzi na fedha. Imani yetu haiuzwi kwa mbuzi.

Basi, ufufuko ni nini? Tutazame Yezu Kristu, maana yeye alitangulia. Siku ya tatu kaburi lake lilikutwa tupu. Alisimama kati ya wanafunzi wake, akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Tomaso alialikwa kuzigusa alama za misumari. Walipodhani wanaona mzimu, aliwaomba chakula, akala samaki mbele yao. Ni mwili wa kweli, tena ni mwili ule ule uliosulibiwa. Hata hivyo aliingia milango ikiwa imefungwa, na wale wawili wa Emau walitembea naye njia ndefu wasimtambue mpaka alipoumega mkate. Ni mwili ule ule, lakini mauti hayauwezi tena.

Wala habari hiyo haikuandikwa na watu waliosikia fununu baada ya miaka mia. Paulo aliwaandikia Wakorinto miaka isiyofika 30 baada ya Bwana kufa, akawaambia kwamba ndugu zaidi ya 500 walimwona mara moja, na kwamba wengi wao walikuwa wangali hai. Ni kana kwamba aliwaambia: Nendeni mkawaulize.

2. Ni mwili ule ule, uliogeuzwa

Mwaka 1215, katika Mtaguso Mkuu wa nne wa Laterano, Maaskofu walifundisha wazi kwamba watu wote watafufuka na miili yao wenyewe, ile waliyo nayo sasa. Hatutapewa mwili wa kuazima, wala mwili wa mtu mwingine.

Lakini utakuwaje? Mtume Paulo alijibu kwa mfano wa mbegu. Sisi watu wa vilima tunaujua mfano huo kwa mikono yetu. Chukua punje ya kahawa. Ni ndogo, kavu, haina uzuri wa kumvuta mtu. Unaifukia. Baada ya majuma kadhaa, kijiti kinainuka, nacho kinaibeba ile punje juu kichwani, kabla ya majani mawili ya kwanza kufunguka. Miaka inapita, unaona mti wenye maua meupe na matunda mekundu. Nani angeweza kuona mti huo ndani ya punje? Hata hivyo kahawa huzaa kahawa; haizai mkaratusi. Kilichochipuka ndicho kilichofukiwa.

Lakini angalieni: mfano ni mfano tu. Mbegu huchipuka kwa nguvu iliyomo ndani yake. Maiti haina nguvu hiyo. Mwili utafufuka kwa uwezo wa Mungu peke yake, kama vile mwanzo ulivyoumbwa kwa uwezo wake.

Walimu wa Kanisa, na hasa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, hutaja vipaji vinne vya miili ya watakatifu. Cha kwanza: haitaumia tena wala kufa, hakuna homa, hakuna njaa, hakuna panga. Cha pili: itang'aa, kila mmoja kwa kadiri ya upendo wake. Cha tatu: itakuwa myepesi, haitachoka kama tunavyochoka tunapopanda mlima na mzigo wa mihogo mgongoni. Cha nne: itaitii roho kabisa, bila vita ile ya kila siku kati ya jema tunalotaka na uvivu unaotuvuta.

Na ili tusidhani kwamba ahadi hiyo ni ya Kristu peke yake, tunaye Mama yake. Tarehe 1 Novemba 1950 Papa Pio XII alitangaza kuwa ni fundisho la imani kwamba Maria, alipomaliza maisha yake hapa duniani, alipalizwa mbinguni mwili na roho. Mapadri waliofika kwetu mwaka 1929 kuhubiri Injili ni wa shirika lenye jina la fumbo hilo la Kupalizwa. Tangu mwanzo, basi, jina lao lenyewe lilikuwa somo kwetu: mwili wa binadamu una mahali mbinguni.

3. Mungu hampotezi mtu

Sasa tuyajibu maswali.

Mtu wa Kyavinyonge anauliza: Ndugu yangu mvuvi alizama ziwani, samaki wakamla, nao samaki wakaliwa na watu. Mwili wake Mungu ataupata wapi? Swali hilo si jipya. Mtakatifu Augustino aliliandikia katika kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu, karibu miaka 1,600 iliyopita. Akasema kwamba hakuna pembe ya ulimwengu, hata iliyofichika namna gani, ambayo Muumba wake haijui.

Tena tufikiri kidogo. Hata sasa, tungali hai, vitu vilivyomo mwilini mwetu havikai. Chakula huingia, jasho hutoka, nywele hukatwa, ngozi hubadilika. Mzee wa miaka sabini hana tena mwili mdogo aliozaliwa nao, lakini ni mtu yule yule, na kovu la utotoni lingali gotini pake. Tazameni mto Semuliki unaotoka Ziwa Edward na kwenda Ziwa Albert. Maji uliyoyaona jana yamekwisha kwenda, lakini mto ni ule ule, wala hakuna anayeupa jina jingine kila asubuhi. Ikiwa Mungu anautunza umoja wa mwili wetu sasa, katika mabadiliko yote hayo, hatashindwa kuurudisha baada ya kaburi.

Mwingine anauliza: Na aliyechomwa moto nyumbani mwake? Ndugu, ukipita mpaka wa Kasindi na kuvuka Uganda, utafika Namugongo. Huko, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa sababu ya imani yao. Siku chache kabla yake Matia Mulumba Kalemba alikatwa mikono na miguu, akaachwa afe peke yake. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwaandika katika hesabu ya Watakatifu. Je, Kanisa linapowaomba watuombee, lina wasiwasi kwamba majivu yao hayatafufuka? Hata kidogo. Kanisa hupenda kuzika mwili, kama Bwana alivyozikwa. Hata hivyo, tangu mwaka 1963 limekubali mwili uchomwe ikiwa wahusika hawafanyi hivyo kwa kuukana ufufuko. Nayo majivu yapaswa kuwekwa mahali patakatifu. Moto hauondoi kitu katika mkono wa Mungu.

Na aliyekatwa kwa panga? Someni Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya saba. Mfalme mwovu aliwaua ndugu saba mbele ya mama yao. Wa tatu, alipoamriwa, alitoa ulimi wake na kunyosha mikono yake bila hofu, akasema kwamba viungo hivyo alivipata kwa Mungu, na kwa Mungu anatumaini kuvipata tena. Naye mama yao aliwatia moyo, akisema kwamba hakujua jinsi walivyoanza kuumbwa tumboni mwake. Ni Muumba aliyewapa pumzi, naye ataweza kuwarudishia. Akina mama wa Beni, huyo ni mwenzenu. Aliyaona mnayoyaona ninyi, na tumaini lake halikuvunjika.

Na yule aliyetupwa katika shimo pamoja na wengine? Mwenye heri Anuarite Nengapeta, Sista wa nchi yetu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na mwili wake ukafukiwa katika kaburi la watu wengi. Baadaye ulitafutwa, ukatambuliwa, ukazikwa kwa heshima. Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Kupalizwa Maria, Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa. Watu walimtupa, Mungu hakumtupa.

Sasa namrudia yule mama na mfuko wake. «Mungu atajuaje kwamba ni mwanangu?» Ndugu, katika desturi yetu sisi Wanande majina hufuata utaratibu wa kuzaliwa. Mvulana wa pili huitwa Kambale, ukiita «Kambale!» sokoni Butembo, watu wangapi watageuka? Hata hivyo, mama mwenye Kambale wake hamchanganyi na Kambale wa jirani. Humjua kwa kikohozi gizani, kwa mlio wa hatua zake uani. Ikiwa mama, ambaye ni kiumbe, humjua hivyo mtoto wake mmoja kati ya maelfu ya wenye jina lile lile, je, yeye aliyemfinyanga mtoto huyo tumboni atashindwa kumjua kwa sababu ya mfuko? Mfuko ulimficha machoni petu. Machoni pake haukumficha.

Kisha tukumbuke neno moja ambalo mara nyingi tunalipita. Bwana wetu mwenyewe alizikwa kwa haraka. Ilikuwa Ijumaa jioni, na Sabato ilikuwa inakaribia. Yosefu wa Arimataya aliuomba mwili, wakauvika sanda, wakauweka kaburini kabla jua halijatua. Wale wanawake waliomfuata tangu Galilaya walikuwa bado na kazi yao ya kuupaka mwili manukato. Sheria ya siku ile iliwazuia. Wakaenda nyumbani na uchungu huo, wakangoja. Dominika alfajiri wakaja na manukato mikononi, hawakukuta mwili wa kupaka. Kristu alikuwa amekwisha kufufuka, nao walikuwa hawajamaliza kazi yao.

Mama uliyezuiliwa kumwosha mwanao, simama pamoja na wanawake hao. Upendo wako haukupotea. Manukato uliyokosa kuyatumia Mungu ameyahesabu.

4. Yatupasa kufanya nini

Pengine mtu atasema: Ikiwa Mungu ataufufua mwili kwa namna yoyote, basi tusijali mwili, tuutupe popote. Hapana! Kinyume chake ndicho kweli. Kwa kuwa mwili huu utafufuka, yatupasa kuuheshimu.

Kwanza, tuiheshimu miili ya wafu. Mwili wa mkristu uliguswa na maji ya Ubatizo, ukapakwa krisma, ukalishwa Ekaristi takatifu, na Yezu aliahidi kumfufua siku ya mwisho yule anayeula mwili wake. Ndiyo sababu Padri huunyunyizia maji ya baraka. Na jina ambalo wakristu wa kwanza walilipa shamba la makaburi, kwa lugha ya Kigiriki, maana yake ni mahali pa kulala. Tulime magugu makaburini petu, tusiyaache mbuzi wayakanyage.

Lakini heshima si kugusa tu. Mara nyingine upendo huamuru kugusa, mara nyingine huamuru kuuzuia mkono. Waganga wametufundisha, na misiba yetu imethibitisha, kwamba mgonjwa wa Ebola akifa, ugonjwa hubaki na nguvu nyingi katika maiti yake. Mtu mmoja anaoshwa, na wale waliomwosha wanamfuata mmoja mmoja. Marehemu aliyetupenda hangetaka kuoshwa kwa bei ya roho za watoto wake. Kwa hiyo ugonjwa huo, au wa namna hiyo, ukirudi, kama ulivyorudi kwetu mwaka 2021, tuwaite wahudumu wa afya mapema, tukubali chanjo, tusiwafiche wagonjwa wala kuiba maiti usiku. Tuombe jamaa wawepo, sala zisomwe, jina liandikwe juu ya msalaba: mambo hayo tunaweza kuyadai kwa haki na kwa utulivu.

Tena tuwaombee heri wale vijana waliozika kwa mavazi ya kujikinga, wengi wao wana wa nchi hii hii, wa Msalaba Mwekundu na wengineo. Mara nyingine walipigwa mawe. Lakini Maandiko yanamsifu Tobiti kwa sababu aliwazika ndugu zake waliouawa, ijapokuwa majirani walimcheka na mfalme alimtafuta amwue. Kuzika wafu ni tendo la huruma. Waliolitenda kwa hatari ya maisha yao walikuwa wakimfuata Tobiti, hata kama hawakumjua.

Pili, tuiheshimu miili ya walio hai. Mlevi anayeuharibu mwili wake kwa pombe kali anaharibu kitu ambacho Mungu anataka kukitukuza. Mume anayempiga mkewe anaupiga mwili ulioahidiwa utukufu. Na kwa dada zetu waliotendewa jeuri na watu wenye silaha, nasema neno hili, na kila mkristu alisikie: aibu ni ya watenda jeuri. Mwili wako, dada, haukupoteza heshima yake mbele ya Mungu. Ndio huo huo utakaong'aa. Mume au kijiji kinachomfukuza mwanamke wa namna hiyo kinamfukuza mtu ambaye Kristu amemwandalia mahali.

Tatu, tuwaombee marehemu, hasa tarehe 2 Novemba, na tuwakumbuke waliopotea bila kaburi. Jamaa wasio na mwili wa kuzika wanaweza kumwomba Padri Misa kwa ajili ya marehemu wao, wakamtaja kwa jina. Mtu asiye na kaburi asikose sala.

Nne, tusilipize kisasi. Bwana alifundisha kwamba wote waliomo makaburini watatoka: waliotenda mema kwa ufufuko wa uzima, na waliotenda mabaya kwa ufufuko wa hukumu. Mwuaji naye atafufuka. Atasimama na mikono ile ile iliyoshika panga, mbele ya yule aliyemwua, na mbele ya Hakimu asiyepokea rushwa wala kuhitaji shahidi. Hilo ni neno la kutisha kwake, ili atubu kungali mapema. Kwetu sisi ni neno la kutuliza. Tunaweza kudai haki mahakamani bila kuchukua panga, kwa maana hakuna damu itakayosahauliwa.

Ndugu wapenzi, hatujui siku wala saa. Wala hatujui jinsi mwili uliogeuzwa utakavyokuwa katika kila jambo. Hata Mitume hawakuambiwa yote. Tunajua Yezu amefufuka, nasi tu viungo vyake. Kichwa kikiisha kupita mlangoni, mwili utafuata.

Maswali na majibu ya kukumbuka

Swali: Ufufuko wa miili ni nini?
Jibu: Ni kwamba siku ya mwisho Mungu ataziunganisha tena roho zetu na miili yetu, ili tusife kamwe.

Swali: Tutafufuka na mwili upi?
Jibu: Na mwili wetu wenyewe, huu tulio nao sasa, lakini umegeuzwa.

Swali: Ni nani watakaofufuka?
Jibu: Watu wote, wema na wabaya, wema kwa uzima, wabaya kwa hukumu.

Swali: Aliyechomwa, aliyezama, aliyepotea msituni au aliyezikwa bila kuoshwa, je, atafufuka?
Jibu: Ndiyo, atafufuka, kwa sababu ufufuko ni kazi ya uwezo wa Mungu, wala hautegemei namna ya kufa au ya kuzikwa.

Swali: Kwa nini twauheshimu mwili, hata wa marehemu?
Jibu: Kwa sababu uliumbwa na Mungu, ulitakaswa kwa Sakramenti, nao utafufuka.

Tusali

Ee Bwana Yezu, uliyelazwa kaburini kwa haraka na kuamka alfajiri, watazame ndugu zetu wa Butembo na Beni waliozikwa mbali na mikono yetu, na wale wasio na kaburi. Wewe wawajua mmoja mmoja. Uwatunze mpaka siku ile, na utujalie kuonana nao, uso kwa uso, nyumbani kwa Baba. Amina.

Jioni hii, kila jamaa ikae pamoja, iwataje marehemu wake kwa majina yao, kisha ikariri Kanuni ya Imani polepole. Na mnapofika kwenye ufufuko wa miili, msipite upesi. Katika somo lijalo tutaeleza uzima wa milele.

Tumsifu Yezu Kristu!